Mystic Messenger: wapenzi wakorofi, na gemu inayojua ukorofi wao (si mara zote)

Mpenzi wa kwenye gemu ya hadithi anaweza kuwa mwongo, mwenye wivu, hata mtekaji, na wachezaji wakampenda vilevile. Wanachokataa ni kulazimishwa kumchekea anapokosea. Hicho ndicho kipimo kinachotumika hapa kuipima Mystic Messenger, gemu ya kampuni ya Cheritz ya Korea Kusini iliyotoka mwaka 2016 kwa simu za Android na iPhone. Karibu kila mpenzi ndani yake ana kasoro nzito, na gemu haiwashughulikii wote kwa haki. Hadithi inafichuliwa humu karibu yote, kwa hiyo asiyependa kujua mambo mapema aishie hapa.

Kwa asiyeijua: unafungua programu, mtu asiyejulikana anakutumia ujumbe na kukuelekeza kwenye nyumba usiyoijua, kisha unajikuta ndani ya kundi la chati la shirika liitwalo RFA. Kazi unayopewa ni kualika wageni wa hafla ya hisani. Hadithi inaenda siku 11 kwa saa halisi ya simu yako. Chati hufunguka kwa saa zake, alfajiri na usiku wa manane zikiwemo, na ile usiyoingia kwa wakati inakupita. Siku 4 za mwanzo ni za wote. Mioyo uliyokusanya kufikia mwisho wa siku ya nne ndiyo inayoamua unaingia njia ya nani, na ikiwa michache mno hadithi inakufia hapohapo.

Mioyo hiyo ndiyo kiini cha jambo. Ukibonyeza jibu linalompendeza mhusika, moyo wa rangi yake unaruka kwenye skrini: zambarau kwa Jumin, mwekundu kwa 707, kijani kwa Yoosung, njano kwa Jaehee, kijivu kwa Zen, wote wanachama wa RFA. Ukimuudhi, unatokea uliopasuka. Mfumo wa namna hii una hatari yake. Unamfundisha mchezaji kwamba jibu sahihi ni lile linalomfurahisha mwenzake. Mwenzake akiwa mtu mwema, hakuna neno. Akiwa mtu anayetaka kukufungia ndani, unajikuta unalipwa kwa kukubali kufungiwa.

Jumin Han ndiye anayeonyesha kwamba Cheritz waliiona hatari hiyo. Ni mrithi wa kampuni ya C&R, amelelewa na baba anayebadilisha wanawake kama nguo, na kiumbe pekee anayemwonyesha mapenzi waziwazi ni paka wake mweupe, Elizabeth wa Tatu. Njia yake inakwenda polepole hadi paka anawekwa kizimbani, kisha anatoweka, na pengo linaloachwa linajazwa na mhusika wako. Unakwenda nyumbani kwake mara moja, na huondoki tena. Kisingizio ni usalama: kuna mdukuzi anayewafuatilia, walinzi wako mlangoni, kwa nini uhatarishe maisha? Kila sababu anayotoa inasikika ya busara ukiipima peke yake. Ukizipanga pamoja ndipo unapoona umefungwa.

Mchezaji aliyezoea kufukuza mioyo atajibu nini hapo? Atasema ndiyo, nitakaa nawe, fanya upendavyo. Anayekubali kila kitu namna hiyo anaishia kwenye miisho mibaya, ile ambayo mhusika wako anakuwa kama kipenzi cha nyumbani, amevishwa vizuri, analishwa vizuri, na mlango haufunguki. Mwisho mzuri unataka kazi ngumu zaidi: umuelewe bila kumpa ruhusa. Majibu yanayofaa ni yale yanayomkumbusha kuwa hisia zake ni za kweli ila njia anayoitumia inaumiza, na yanayomsukuma azungumze na baba yake na wenzake badala ya kukumbatia kufuli. Anapoeleza kwamba ndani yake kuna nyuzi zilizojisokota, jibu zuri ni lile linalomwacha azifumue mwenyewe. Wale wanaomwita Jumin kero ya gemu nzima mara nyingi wameishia kwenye chati za siku ya 7 na ya 8. Wanaomtetea kwa kusema "anapenda tu kupita kiasi" nao hawajaitendea haki hadithi, kwa sababu hadithi yenyewe haisemi hivyo. Inasema alichofanya ni kosa, na inamtaka aache kabla ya kufika kwenye hafla.

Uandishi wa namna hiyo ni adimu. Linganisha na gemu nyingine ya mapenzi, Amnesia: Memories ya chapa ya Otomate, iliyotoka Japani mwaka 2011 na kufika kwa Kiingereza mwaka 2015. Mhusika wako anaamka tarehe 1 Agosti bila kumbukumbu, na dunia unayochagua ndiyo inayoamua nani ni nani kwako. Katika dunia ya almasi, mojawapo ya dunia hizo, rafiki wa utotoni aitwaye Toma anajidai kuwa mpenzi wako, uongo mtupu. Baadaye anakuwekea dawa za usingizi kwenye kinywaji na kukufungia kizimbani chumbani mwake. Sababu yake ni kukulinda dhidi ya wanawake wanaokusumbua, na tishio hilo ni la kweli, sawa kabisa na mdukuzi wa Jumin.

Tofauti iko kwenye vipimo. Gemu hiyo ina vitatu: mapenzi, imani na shaka. Vyote vinampima yeye: anakupenda kiasi gani, anakuamini kiasi gani, anashuku kiasi gani kwamba umepoteza kumbukumbu. Hakuna kinachopima kama wewe unamwamini. Matokeo yake, mwisho unaoitwa mzuri unafika kwa kumvumilia hadi atulie, kisha mnakuwa wapenzi kweli, na kizimba kinabaki kama ugomvi uliokwisha. Toma mwenyewe ameandikwa kwa ustadi mkubwa, na kuna dakika unamhurumia sana. Lakini gemu haikupi hata sentensi moja yenye uzito ya kumwambia alichokutendea, na hapo ndipo chuki ya wachezaji wengi inapoanzia. Wanamlaani Toma, ila aliyewanyang'anya mdomo ni mwandishi.

Kurudi Mystic Messenger, si wote waliotendewa kama Jumin. Yoosung ndiye mfano mbaya kuliko wote, na inashangaza kwa sababu kwa sura ndiye mpole: mwanafunzi wa chuo, mcheshi, anacheza gemu usiku kucha. Kasoro yake ni kwamba anamuona Rika, binamu yake anayeaminika amekufa, ndani yako. Anakulinganisha naye chati baada ya chati. Unaongea kama Rika, una huruma kama Rika. Ungetarajia kwamba kumkataza kungekuwa ndiyo uti wa mgongo wa njia yake, kama ilivyo kwa Jumin. Kweli hadithi inagusa jambo hilo, ila inaligusa kwa haraka, kisha inakimbilia hatari na ushujaa. Jeraha la jicho analopata linachukua nafasi ya mazungumzo ambayo hayakufanyika. Kosa dogo lisilojibiwa linachosha kuliko kosa kubwa lililojibiwa, na ndiyo maana kijana asiyemfungia mtu popote anapata malalamiko mengi kuliko tajiri mwenye walinzi mlangoni.

707 yuko katikati. Siku za mwanzo ni mzaha mtupu: anapiga simu za utani, anamsumbua paka wa Jumin, anatuma picha za ajabu. Chini ya mzaha huo yuko mdukuzi aliyekuchunguza bila ruhusa na anayekutazama kwa kamera ya korido. Bomu linapogundulika kwenye nyumba uliyomo, anakuja mwenyewe, anakaa pembeni na kompyuta yake, na kwa siku kadhaa anakufukuza kwa maneno makali. Usinijali. Usinikaribie. Mimi si mtu wa kupendwa. Uandishi wa hofu yake ni wa kweli, na sababu zake, ndugu pacha na kazi isiyoruhusu mahusiano, zinaeleweka. Tatizo ni urefu. Mchezaji anaambiwa nenda zako kwa siku nzimanzima za saa halisi, na jibu pekee linalopeleka hadithi mbele ni kubaki na kuvumilia. Kwenye kitabu ungesoma sehemu hiyo kwa nusu saa. Hapa unaamka saa tisa usiku kwenda kutukanwa.

Halafu kuna Another Story, sehemu iliyoongezwa baadaye, yenye njia ya V na ya Ray. V, kiongozi wa RFA, amewadanganya wenzake wote kwa muda mrefu ili kumficha Rika, hata baada ya Rika mwenyewe kumharibu macho. Njia yake inafanya jambo moja zuri sana: haimwachi ajiite shahidi. Majibu mazuri kwake ni yale yanayokataa kuita kujiumiza kwake upendo. Ni hadithi nzito, ya polepole, na wengi wanaichoka kabla haijalipa. Anayeipa nafasi atamkuta mtu mzima anayejifunza kuomba radhi.

Ray ndiye mgumu kuliko wote kumhukumu. Anakuleta kwenye jengo la Mint Eye, kundi la siri la kiimani, kwa uongo: anasema wewe ni mjaribu wa gemu na wale unaochati nao ni mashine. Anakuletea maua, anaona haya, anaomba radhi kwa kila kitu. Kisha anaponyweshwa dawa ya kundi hilo anageuka Saeran (ndilo jina lake halisi) mwenye suti, anayekuita mwanasesere na kukudhalilisha kwa makusudi. Sehemu hiyo ya pili inaumiza kusoma. Gemu inakuruhusu kumjibu, lakini majibu mengi ya ukali yanakwenda patupu, na unabaki kusubiri yule mpole arudi. Wachezaji wanaompenda Saeran wa suti wana hoja: ndani ya ukatili wake kuna mtu anayejitetea kwa njia pekee aliyofundishwa. Hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo, kuelezwa chanzo cha ukatili na kupewa nafasi ya kuukataa ni vitu viwili, na hapa cha kwanza kipo tele, cha pili kimepungua.

Sasa mambo ya kuchezea. Sarafu ya ndani ni saa ya mchanga. Deep Story, yenye njia za Jumin na 707, inafunguliwa kwa saa za mchanga 80. Another Story ni 300. Chati iliyokupita unaifungua kwa 5, na kununua saa 24 zinazofuata ili uzisome kwa wakati wako ni 30. Mioyo 100 inabadilishwa kwa saa moja ya mchanga, na nyingine hutokea kwa bahati unapojibu. Mwenye subira anaweza kufikia 80 bila kutoa senti. Asiye na subira huzimaliza kwenye chati za usiku, kwa hiyo ni nafuu kununua siku moja mapema kuliko kukomboa chati saba moja moja.

Wageni wa hafla ndio wanaowaharibia watu mwisho mzuri huku wakimlaumu mpenzi wao. Unahitaji wasiopungua 10. Kila mgeni anataka barua pepe tatu zilizojibiwa sawasawa, na kati ya barua na barua anaweza kunyamaza kwa saa nyingi. Aliyealikwa siku ya 9 mara nyingi hafiki. Kubali wageni wengi siku 4 za mwanzo, wakati bado huna mapenzi ya kukupotezea akili, na angalia kisanduku cha barua kila baada ya chati. Ukifika siku ya 11 na wageni 6, utapata mwisho wa kawaida hata kama Jumin amekuwa malaika.

Hifadhi hadithi kabla ya kila alama ya njia panda kwenye ratiba. Hapo ndipo majibu ya siku zilizopita yanahesabiwa, na ukishapita huwezi kurekebisha ila kwa kurudi nyuma. Kwa Jumin hifadhi mwisho wa siku ya 6, kabla mambo hayajachacha. Ukiangukia mwisho mbaya, rudi hapo, na badala ya kutafuta jibu lenye moyo wa zambarau, tafuta lile ambalo lingemfaa yeye kusikia.

Kwa mpangilio, anza na Zen kwenye Casual Story, yenye njia zake, za Yoosung na za Jaehee, ujifunze mfumo, Jumin awe wa tatu au wa nne, 707 amalizie kwa sababu njia yake inafichua siri za wengine wote, ndipo uende kwa V na Ray. Yoosung anaweza kurukwa bila hasara kubwa. Asiyetaka kabisa hadithi ya kufungiwa, dawa wala matusi asijilazimishe kwa Jumin na Ray. Achukue njia ya Jaehee, msaidizi wa Jumin, mwanamke anayekatwa pumzi na kazi za bosi wake. Haina mapenzi ya wazi, na hilo limewaudhi wengi kwa haki, lakini humo unamuona Jumin kwa macho ya mfanyakazi wake, anavyomtwisha paka na mirundo ya kazi bila kuuliza, na unamsaidia Jaehee kuacha kazi na kufungua mgahawa wa kahawa.