Saa Moja na Ndovu Yatima: Kituo cha Sheldrick, Nairobi

Nilimpeleka binti yangu wa miaka 6 katika kituo cha ndovu yatima kilicho ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi kwa sababu moja tu: nyumbani alikuwa amezoea kumvuta paka mkia, na maneno yangu yalikuwa yakiingia sikio moja na kutokea la pili.

Wageni hupokewa kuanzia saa tano asubuhi hadi saa sita, wakasimama nyuma ya kamba huku walezi waliovaa makoti ya kijani wakiwanywesha ndovu wachanga maziwa kwa chupa kubwa. Mlezi hueleza jinsi ndovu hao walivyowapoteza mama zao, wengine kwa ujangili, wengine kwa ukame au kutumbukia kisimani, kisha husimulia kwamba usiku walezi hulala pamoja nao, kwani ndovu mchanga akiachwa peke yake huweza kudhoofika kwa huzuni. Hapo ndipo binti yangu aliponyamaza. Mdogo mmoja alikuwa akinyonya kwa pupa, povu la maziwa likimtiririka kidevuni, nao mkono wa mlezi ukimpapasa sikio polepole.

Napendekeza mzazi amweleze mtoto mapema kwamba hapaswi kupiga kelele. Mgeni mmoja jirani yetu alipiga miluzi mfululizo ili apate picha, jambo lililoniudhi kweli. Mahali penyewe napapa nyota tano.

Jioni ile paka alipopita, binti yangu aliuliza kama naye alitenganishwa na mama yake.