Nchi ipi ina maisha bora? Nimeweka Bangladesh na Pakistan kwenye saiti mbili, haya ndo maoni yangu

Ukitaka kujua kati ya nchi mbili zinazoendelea wapi watu wanaishi vizuri zaidi, saiti mbili ndo zinatajwa sana: ile ya ripoti ya maendeleo ya binadamu ya UNDP (shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa), na Numbeo, saiti ya kulinganisha gharama za maisha mijini. Nazitumia zote mara kwa mara, na kwa ajili ya rivyu hii nimezipima kwa Bangladesh na Pakistan, sababu mpaka 1971 zilikuwa nchi moja kwa hiyo unaona vizuri kila mmoja kafanya nini baada ya kuachana.

Nianze na ya UNDP, maana hii ndo naikubali. Kipimo chao kikuu ni HDI, yaani kipimo cha maendeleo ya binadamu, kilitoka 1990, na aliyekisukuma ni Mahbub ul Haq, mchumi wa Pakistan, akishirikiana na rafiki yake Amartya Sen, mchumi wa India ambaye sehemu ya utoto wake aliishi Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh wa sasa, yaani waanzilishi wenyewe ni wa huko huko. Kinaangalia vitu vitatu tu: umri wa kuishi, elimu (miaka waliyosoma watu wazima, na miaka anayotarajiwa kusoma mtoto anayeanza shule leo), na kipato cha mtu kikishapimwa na bei za nchi yake. Vinachanganywa inatoka namba kati ya 0 na 1. Ripoti ya 2025 inaipa Bangladesh 0.685 na Pakistan 0.544, na ukiwa chini ya 0.550 uko kundi la mwisho kabisa.

Sasa watu wengi wakishaona hiyo namba wanapiga skrinishoti wanaenda kubishana. Usiishie hapo! Fungua ukurasa wa nchi yenyewe uone hiyo namba imetoka wapi. Umri wa kuishi Bangladesh unakaribia miaka 75, Pakistan 67 na kitu, na jamani miaka 7 ya uhai sio kitu kidogo, hapo katikati kuna bibi na babu kibao ambao wangeona wajukuu wakimaliza shule. Halafu rudi nyuma kwenye miaka, hapo ndo utamu ulipo: 1990 Pakistan ilikuwa mbele kwa umri wa kuishi, Bangladesh ikaja kuipita ndani ya miaka hiyo ya 90 wakati mifukoni bado ilikuwa maskini kuliko Pakistan. Ukiangalia pesa peke yake hilo hulioni kabisa. Na halikuja kwa bahati, kule miaka ya 80 wafanyakazi wa BRAC, shirika lisilo la serikali la Bangladesh, walipita nyumba kwa nyumba kufundisha akina mama kutengeneza maji ya mtoto anayeharisha, chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, sukari guru konzi moja, na maji ya kipimo, mama anatengeneza mwenyewe mbele ya mwalimu mpaka apatie. Weka na uzazi wa mpango na wasichana kupelekwa shule, ndo unaona kwa nini mstari wa grafu umepanda vile.

Kitu kingine ndani ya saiti hiyo hiyo ambacho watu wanakiruka ni kipimo cha umaskini wa pande nyingi, MPI, wanakitoa pamoja na watu wa chuo kikuu cha Oxford. Kwa nchi zetu zinazoendelea mi naona hiki ni bora kuliko hata HDI, kwa sababu kinaingia mpaka ndani ya nyumba: mnapikia nini, choo kipo, maji yako umbali gani, umeme, sakafu ya nini, kuna mtoto amefariki, kuna aliyekosa shule. Bangladesh karibu robo ya watu ni maskini kwa kipimo hiki, Pakistan ni zaidi ya theluthi. Ila tatizo lake data inachelewa mno, ya Pakistan niliyoiona inatokana na utafiti wa 2017/18, yaani kabla ya korona na kabla ya yale mafuriko ya 2022, sasa mtu aliyesombewa nyumba humo hayumo. Angalia mwaka wa utafiti kabla hujanukuu chochote.

Na kuna vitu HDI haigusi kabisa. Namba ya Bangladesh ilikuwa inapanda vizuri tu, lakini 2024 wanafunzi wakaingia barabarani kupinga mgao wa kazi za serikali, watu wengi wakauawa, na Agosti waziri mkuu Sheikh Hasina akakimbia nchi. Ajira ya kijana aliyesoma, na uhuru wa kusema kwamba umechoka, hakuna safu yake kwenye lile jedwali. Hewa chafu ya Dhaka, na ya Lahore kule Pakistan, nayo vilevile, hata kama watu wanakohoa.

Numbeo nitaipitia haraka. Wao wanakusanya kwa watumiaji wenyewe, kila mtu anajaza bei, usalama, foleni, hospitali. Kwa mtu ambaye keshapata kazi mji fulani na anataka kujua kodi ya nyumba itakula kiasi gani cha mshahara, inasaidia sana na inaenda na wakati kuliko UNDP. Ila anayejaza ni mwenye intaneti na Kiingereza, anaishi mjini, mkulima wa Sindh, jimbo la Pakistan, hajazi pale. Kwa hiyo ukisema nchi hii maisha bora kwa sababu ya Numbeo, umelinganisha watu wa mjini wenye simu nzuri tu.

UNDP naipa nyota 4 kati ya 5, moja nimeitoa kwa ule uchelewaji, hata ripoti ya 2025 yenyewe namba zake za HDI ni za 2023. Numbeo nyota 3 kama unahama mji, 1 kama unalinganisha nchi. Data za UNDP zinashushwa bure kwa Excel, na mi nashauri uanze na lile faili lenye miaka yote toka 1990, achana na jedwali la nafasi.