Forrest Gump yenye manukuu ya Kiswahili: wamelifuta jina la Frank Wills

Nimelipia kuitazama Forrest Gump kwenye huduma moja ya filamu mtandaoni kwa sababu moja tu: walitangaza kwamba sasa ina manukuu ya Kiswahili. Hadithi yenyewe mnaijua, Tom Hanks, akiwa Forrest wa Alabama anayejikuta ndani ya matukio makubwa ya Marekani, kwenye benchi na boksi lake la chokoleti, sitaisimulia upya. Nina jambo na sentensi moja ya sekunde mbili hivi. Imenikera tangu majuzi na hadi leo sijapoa.

Ni pale Forrest amelala hotelini Watergate, Washington. Usingizi hauji kwa sababu ofisi za upande wa pili kuna watu wanazungukazunguka gizani na tochi. Anapiga simu ulinzi kuomba fundi apelekwe, maana anadhani jamaa wanatafuta fyuzi. Sauti upande wa pili inapokea kwa kutaja idara, kisha jina: Frank Wills. Sikio linalisikia jina hilo bila shida yoyote. Maandishi ya chini yanasema: "Ulinzi, nikusaidie nini?"

Jina halipo!

Frank Wills si mtu wa kubuni. Alikuwa kijana mweusi wa miaka 24, mzaliwa wa Savannah, Georgia, mlinzi wa zamu ya usiku katika jengo la ofisi la Watergate, kwa mshahara wa dola 80 hivi kwa wiki. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 1972 alikuta utepe wa gundi kwenye kitasa cha mlango wa ngazi zinazopanda kutoka maegesho ya chini. Kazi ya utepe ule ni kuuzuia ulimi wa kitasa, ili mlango urudi mahali pake lakini usijikomee. Mafundi na wafanya usafi nao huwa na mtindo huo, kwa hiyo mara ya kwanza aliubandua akaendelea na shughuli zake. Wezi walikosea namna ya kuubandika. Waliupitisha kwa mlalo, ukazunguka ukingo wa mlango, ikawa unaonekana hata mlango ukiwa umefungwa. Wangeubandika wima juu ya ulimi, mtu angepita asiuone. Tena hawakuridhika: Wills alipopita mara ya pili alikuta umebandikwa upya. Hapo hakuna tena cha fundi aliyesahau. Saa 7:47 usiku akawapigia polisi. Haukupita muda mrefu, watu 5 wakakamatwa ghorofa ya 6, ndani ya ofisi za makao makuu ya chama cha Democratic. Kashfa iliyoanzia hapo ikamfikia Rais Richard Nixon, na Agosti 1974 akajiuzulu.

Na mtu aliyekuwa akiutazama mkasa ule kutoka ng'ambo ya barabara usiku ule alikuwa wa upande wa wezi wenyewe, amewekwa katika hoteli ya Howard Johnson na redio ya mawasiliano awashtue wenzake wakivamiwa. Hakuwapo mgeni mwema aliyeamshwa na mwanga wa tochi. Filamu imeuchukua ugunduzi wa Wills ikampa mteja mzungu wa hoteli ambaye hata hajui ameona nini. Kitu pekee walichomwachia mwenyewe ni jina, tena la kusikika simuni tu. Ni heshima ndogo mno, lakini jina kamili namna ile haliingii kwenye skripti kwa bahati mbaya. Mtu aliliandika akijua anachofanya. Halafu sisi wa Kiswahili tumenyang'anywa hata hilo.

Kazi ya manukuu ina vipimo vyake na sivibezi. Kwa kawaida unapewa mistari 2, kila mmoja herufi 42 hivi, na jicho la mtazamaji husoma herufi zipatazo 17 kwa sekunde. Kiswahili hurefuka kuliko Kiingereza, basi mfasiri lazima apunguze, na vinavyoanza kukatwa ni viitikio, salamu na majina ya watu ambao tayari wako mbele ya macho yetu. Hapo ni sahihi kabisa: kama Jenny, mpenzi wa Forrest, amesimama pale, hakuna haja ya kuandika "Jenny" kila anapoitwa. Hitilafu huanzia pengine. Mara nyingi mfasiri hupewa faili la sentensi zilizokwisha kupangiwa muda, anapita mstari kwa mstari kwa haraka, na jina la mtu asiyeonekana kwenye picha analichukulia kama takataka ya simu. Dawa yake ni nyepesi, na kila mfasiri wa filamu ya kihistoria anapaswa kuanza nayo: toa majina yote ya watu na mahali kwenye skripti, yaorodheshe, tafuta kila moja ni nani, kisha weka alama kwenye yale yasiyoguswa. Kwa filamu hii ni kazi ya siku moja, kwa sababu nusu ya majina ni ya marais.

Lakini hata kisingizio cha nafasi hapa hakisimami. Hesabuni nami. "Ulinzi, nikusaidie nini?" ni herufi 24 pamoja na nafasi na alama. "Ulinzi, Frank Wills." ni 20. Wameondoa jina na kuandika kirefu zaidi! Mtafsiri wa vibanda umiza, yule anayesimulia juu ya picha kwa kipaza sauti, asingeliacha lipite. Angetuambia huyu mlinzi ni nani na tuangalie jinsi atakavyomng'oa rais, hata kama ingembidi ayameze maneno ya Forrest mwenyewe.

Baada ya hapo niliirudia filamu nzima kwa jicho la hasira, na sasa siwezi kusema kosa ni la manukuu peke yake. Angalieni Elvis. Tunaambiwa mtikisiko wa kiuno chake aliuchukua kwa mtoto mzungu wa Alabama mwenye vyuma miguuni. Wimbo unaopigwa pale, Hound Dog, ulirekodiwa kwanza mwaka 1952 na Big Mama Thornton, mwanamke mweusi aliyezaliwa Alabama hiyohiyo. Elvis aliurekodi 1956. Thornton hatajwi. Njooni Chuo Kikuu cha Alabama, Tuscaloosa, tarehe 11 Juni 1963. Gavana George Wallace amesimama mlangoni kuwazuia wanafunzi weusi Vivian Malone na James Hood wasiandikishwe, hadi Rais Kennedy alipoliweka jeshi la akiba la jimbo chini ya amri ya serikali kuu na Wallace akapisha njia. Filamu inafanya nini? Malone anaangusha kitabu, Forrest anakimbia kumwokotea. Dada huyu alivumilia chuo kile hadi akahitimu 1965, mweusi wa kwanza kufanya hivyo pale, na kwenye filamu kumbukumbu yake ni kudondosha kitabu. Usiku uleule, muda mfupi baada ya saa sita, Medgar Evers, mwanaharakati wa haki za weusi, alipigwa risasi nje ya nyumba yake huko Jackson, Mississippi. Filamu hii inataja waliopigwa risasi mmoja baada ya mwingine: Kennedy wawili, Wallace, John Lennon, Reagan. Evers hayumo. Martin Luther King, aliyeuawa Memphis Aprili 1968, hayumo.

Halafu kuna jina lenyewe la Forrest. Mama yake amempa jina la Nathan Bedford Forrest, jenerali wa majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambaye vikosi vyake viliwaua askari weusi waliokuwa wakisalimu amri Fort Pillow, Aprili 1864, na ambaye baadaye aliongoza Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi. Muongozaji Robert Zemeckis hakulikwepa. Amemweka Hanks juu ya farasi ndani ya picha za filamu ya 1915 iliyolisifu kundi hilo. Kisha maelezo ya mama: jina ni la kumkumbusha kwamba watu wakati mwingine hufanya mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Basi. Tunaendelea na safari. Mauaji yale yalitokana na ubaguzi wa rangi, na hilo kila Mmarekani analijua.

Kwa hiyo niliandika nyota 2 na kutaka kufunga.

Nikashindwa, na aliyenishinda ni Bubba, rafiki mweusi wa Forrest jeshini. Forrest anaposimulia kwamba mama yake Bubba, bibi yake na waliomtangulia wote walipika uduvi, tunaonyeshwa wanawake wa ukoo ule, kizazi baada ya kizazi, wakibeba bakuli na kuwaandalia wazungu mezani. Bubba anafia Vietnam. Biashara inashamiri, Forrest anapeleka fungu la Bubba kwa mama yake, na ghafla tunamwona mama yule ameketi mezani, mwanamke mzungu akimwandalia uduvi. Picha hiyo ni ya sekunde chache na haina neno hata moja la kufasiri vibaya. Ipimeni na ile ya Luteni Dan, kamanda wa Forrest huko Vietnam, ambapo mababu zake, wote kwa sura ya Gary Sinise, wanaanguka mmoja mmoja katika kila vita vya Marekani. Zemeckis ameziunda kwa mkono mmoja: ukoo mmoja unarithishana kifo cha vitani, mwingine unarithishana sufuria ya uduvi. Sijaona filamu nyingine ya Hollywood iliyoeleza kwa haraka namna hiyo nani alirithi nini nchini mle. Tena wanajua uzito wa sauti kunyamazishwa: Forrest anaposimama mbele ya umati Washington kueleza Vietnam, ofisa anazing'oa nyaya za spika na hotuba nzima hatuisikii.

Basi filamu ni 4. Naam, 4, na zile Oscar 6 sizionei kijicho.

Ila hapo ndipo hasira inaporudi maradufu, kwa sababu walioweza hayo yote wangeweza pia kumpa Wills nafasi yake. Ili Luteni Dan aonekane hana miguu, walimvisha Sinise kitambaa cha buluu miguuni, kisha kompyuta ikaifuta fremu kwa fremu. Waliwachukua washiriki 1,500 hivi wakawazidisha hadi wakaonekana malaki kando ya lile bwawa refu la Lincoln. Waliipanga upya midomo ya marais waliokufa. Lile benchi wameliweka Savannah, mji alikozaliwa Wills! Filamu ilipotoka Julai 1994 alikuwa hai, anaishi kwa shida. Katika filamu ya 1976 kuhusu kashfa hiyo aliitwa akacheza nafasi yake mwenyewe, kwa hiyo hakuwa mtu wa kutafutwa kwa tochi. Alifariki Augusta, Georgia, Septemba 2000, akiwa na miaka 52. Naishusha hadi 3. Huduma niliyoilipia, 1.

Mnaotaka kuitazama, itazameni, lakini mkifika Watergate zimeni manukuu msikilize simu ile kwa masikio yenu. Kisha tumieni sehemu ya kuripoti kasoro za manukuu. Msiandike tu kwamba tafsiri ni mbaya, maana ripoti ya namna hiyo haimfikishi mtu popote. Tajeni lugha, dakika na sekunde ya tukio, maneno yanayosikika, maneno yaliyoandikwa, na mstari mnaopendekeza. Muda wa kuonekana haubadiliki, faili halivurugiki, anayehusika anabadilisha maneno tu.

Mstari wenyewe ni huu, herufi 20: "Ulinzi, Frank Wills."