Miaka minne na Peugeot 205 GTI: kama gari nyota tano, kama akiba nyota mbili

Naanza na hesabu, maana ndiyo mnayoitafuta. Novemba 2021 nilinunua Peugeot 205 GTI 1.9 ya mwaka 1989, nyekundu, kwa pauni 15,500. Mwezi uliopita nililiweka kwenye mnada wa mtandaoni, nikisema siuzi chini ya pauni 14,000. Aliyepanda juu kuliko wote aliishia 11,200. Gari halikuuzwa, na hivi ninavyoandika liko chini ya turubai uani kwangu, Coventry, Uingereza.

Mjomba wangu yuko Tanga. Aliendesha Peugeot 504 ya abiria miaka mingi (yeye husema Pijo, kama kila mtu kule), kwa hiyo nilidhani atafurahi. Nilipomtajia bei alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mjomba, hiyo ni hela ya gari au ya kiwanja?"

Kama gari, sina neno. Lina uzito usiofika kilo 900, injini ya lita 1.9 yenye nguvu za farasi 130, usukani usio na pawa na breki zisizo na ABS (ile inayozuia magurudumu yasijifunge). Ukikanyaga mafuta kwenye gia ya pili linatoka kama mbuzi aliyekata kamba. Barabara unaisikia mikononi, kila kokoto. Ila lina tabia moja inayojulikana: ukiingia kona kwa kasi, ukashtuka ukaachia mafuta, mkia unakuja mbele kukusalimia. Mimi ulinisalimia mara moja, kwenye kipilefti, mvua ikinyesha, mke wangu akiwa pembeni. Tangu siku hiyo yeye hupanda basi.

Tatizo langu ni kwamba sikununua gari tu. Nilidhani nanunua akiba.

Hadithi niliyouziwa ilikuwa tamu, na sehemu kubwa ni kweli. Hizi hachibaki za mbio, yaani magari madogo yenye mlango wa nyuma na injini kali, zilianza kushika kasi na Golf GTI mwaka 1976. Volkswagen walipanga kutengeneza 5,000 tu, toleo la kwanza likaishia zaidi ya 450,000. Peugeot wakaja na 205 GTI ya lita 1.6 mwaka 1984, na ya 1.9 mwishoni mwa 1986. Hapa Uingereza vijana walizipenda, na wezi wakazipenda zaidi. Ziliibwa usiku, zikakimbizwa mitaani, zikatelekezwa zikiwa zimegonga ukuta, hadi Bunge likatunga sheria mwaka 1992 kuwabana wanaochukua magari kwa namna hiyo. Bima ikapanda kiasi kwamba kijana wa miaka 20 hakuweza kuilipa hata kama gari angepewa bure. Bei zikaanguka. Kulikuwa na wakati 205 GTI iliuzwa kwa mamia ya pauni, watu wakazing'oa injini, wakazipeleka kwenye viwanja vya mashindano, wakazimaliza. Zilizobaki nzima zikawa chache, na wale vijana walioshindwa bima sasa wana mvi na nyumba walizomaliza kulipia. Wanataka kile walichonyimwa.

Basi bei zikapanda, na wakati wa korona zikapanda zaidi. Agosti 2022 Ford Escort RS Turbo nyeusi iliyokuwa ya Princess Diana ilipigwa mnada kwa pauni 650,000 kabla ya ada. Siku ile niliosha gari langu mara mbili. Haikunijia akilini kwamba pale walikuwa wananunua Diana, Ford ilikuwa kifungashio.

Kilichofuata hakikuwa na uhusiano wowote na Peugeot. Machi 2020 riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa asilimia 0.1, kufikia Agosti 2023 ilikuwa 5.25. Pesa ilipokuwa haizai benki, watu waliifukia kwenye vyuma kama changu. Ilipoanza kuzaa tena, wakaifukua. Mkopo wa nyumba ulipopanda, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa gari la Jumapili.

Lakini si kila gari lilishuka sawa, na hapa ndipo nilipojifunza kwa machungu. Vitabu vya bei vya hapa hupanga magari katika madaraja manne, kutoka lile la maonyesho hadi lile linalotembea kwa huruma ya Mungu. Miaka yote mimi nilijiweka la pili. Mnada ulinishusha hadi la tatu bila kunitukana: watu waliuliza tu picha za chini ya gari, risiti za kabla ya 2005, na kwa nini mstari mwekundu wa bampa umekuwa wa waridi. Mmoja alitoa historia ya ukaguzi wa gari langu kwenye tovuti ya serikali (mtu yeyote anaiona bure akiwa na namba ya gari) akaonyesha kwamba mwaka 2009 lilianguka ukaguzi kwa kutu. Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuangalia huko nyuma. Wiki ile ile 205 GTI nyingine ya daraja la kwanza, rangi yake ya kiwandani, maili chache, iliuzwa vizuri kuliko ile niliyonunua mimi 2021. Soko lilikuwa limegawanyika, nami nilikuwa upande wa umati.

Gharama: beringi za ekseli ya nyuma, pauni 780. Ukienda kutazama 205 yoyote, simama nyuma yake. Magurudumu yakiwa yameinamiana kwa juu kama miguu ya mtu mwenye matege yaliyogeuzwa, ondoka au chonga bei. Mkanda wa taimingi 340. Paa la kioo linavuja, nimekubali. Spea za injini zinapatikana, na kitengo cha Peugeot cha magari yao ya zamani kimerudisha baadhi sokoni. Kinachokutoa jasho ni plastiki za ndani na vitambaa vya viti.

Bima ndiyo huduma iliyonifurahisha. Mnakubaliana thamani mapema kwa picha, maili zinawekewa kikomo, na malipo ni chini ya nusu ya ninayolipia gari la kazini. Ubaya wake ni kwamba kila mwaka unaulizwa thamani. Mwaka 2022 niliandika 17,000 kwa mkono uliotulia. Mwaka huu niliandika 13,000, nikaiangalia ile fomu muda mrefu.

Mjomba alichekeshwa zaidi na suala la kodi. Nyumbani Tanzania gari kuukuu linalipishwa uchakavu likiingia bandarini, na Kenya hawaliingizi kabisa likizidi miaka 8. Huku likifika miaka 40 linasamehewa kodi ya barabara. Langu litaanza kusamehewa Aprili 2030. Hadi hapo nalipa, na nikitaka kuingia London nalipa pauni 12.50 kwa siku kwa ajili ya moshi, jiji zima, tangu Agosti 2023. Watu wawili wa London walijitoa mnadani kwa sababu hiyo tu.

Unatafuta ya kununua? Chukua 1.6 ukiipata nzima. Ni nyepesi kidogo mkononi, haina makeke ya 1.9, na kwa maoni yangu ni tamu zaidi kwa barabara za vijijini. Usilipe nyongeza kwa sababu ya neno "toleo maalumu" peke yake. Renault waliwauzia watu hachibaki yao ya Clio Williams, yenye kibati cha namba kama toleo la idadi maalumu, mwaka 1993, kisha wakatengeneza Williams 2 na 3, jumla zikapita 12,000, na walionunua mwanzo walikasirika sana. Na kama huna banda, usianze.

Yule wa 11,200 bado ananipigia. Juzi kafika 11,900, anataka jibu kabla ya Jumapili. Nimemwambia nitamjibu Jumatatu, maana Jumapili hali ya hewa inaonekana nzuri na nina tangi limejaa.