Vifaa vya pambo la meza ya mavuno sokoni Tabora: vipi vya kununua, vipi vya kuacha

Msimu wa sikukuu ya mavuno makanisani, watu wengi hukimbilia maduka ya mapambo na kurudi na shada la plastiki lenye majani ya rangi ya chungwa. Majani hayo ni ya miti ya Ulaya na Marekani, na mezani Tabora hayasemi lolote. Anayetaka pambo la meza lenye sura ya kizamani atalipata lote kwa wauza vibuyu, vyungu, nyungo na nafaka, pale Soko Kuu, Kachoma au kwenye magulio ya Uyui na Sikonge. Tathmini hii ni ya bidhaa hizo, jinsi zinavyouzwa na jinsi zinavyofanya kazi zikishafika mezani. Kitu cha kwanza tunachokipima ni ukavu. Bidhaa ikiwa na unyevu, hata ingekuwa nzuri kiasi gani, itaota ukungu au kutoa wadudu, na kazi yote itaharibika.

Kibuyu ndicho cha kununua kwanza, na hapo usibane pesa. Kichague kwa mkono na kwa sikio. Kibuyu kilichokauka ni chepesi mno kwa ukubwa wake, na ukikitikisa mbegu zinagonga ndani kwa mlio mkavu. Kikiwa kizito na mbegu hazisikiki, bado kina maji. Kitahitaji wiki nyingi, pengine miezi, na kinaweza kuoza kabla hakijakauka. Mabaka meusi ya ukungu yaliyo juu ya ganda yasikutishe, maana maji ya kibuyu hutoka kupitia ganda lenyewe kinapokauka, na ukungu wa nje unakwanguka. Cha kuogopa ni sehemu laini. Bonyeza kwa kidole gumba kuzunguka kitako na pale kikonyo kilipoungana na tumbo. Kidole kikizama hata kidogo, mrudishie muuzaji.

Ukikiona kibuyu kilichopasuka kikashonwa kwa uzi, kichukue. Wauzaji wengi huona aibu kukitoa mbele, na kwa kawaida huuzwa bei ndogo kuliko kizima, lakini ule mshono ndio unaokipa meza umri wake. Hakuna rangi wala mbinu ya kuchakaza itakayoiga kitu kilichotumika kweli.

Usafi wa kibuyu unaharibiwa na haraka. Kifunge kwa taulo lililoloweshwa maji ya vuguvugu kwa nusu saa, ndipo usugue kwa stilwaya. Ile ngozi nyembamba ya juu itatoka kama utando. Anayekwangua kikavu kwa kisu anaacha michirizi isiyofutika. Kama unataka mdomo mpana, kata kwa utepe wa msumeno wa chuma, taratibu, bila kukandamiza. Kisu hupasua ganda kufuata mwelekeo kinaotaka chenyewe. Jifunge kitambaa puani na mdomoni wakati wa kukata na kukwangua ndani, kwa sababu vumbi lile linakera koo na mapafu. Ukimaliza, kianike juani hadi ganda lipate joto, kisha upake nta ya nyuki kidogo kwa kitambaa. Joto la ganda huilainisha nta ikaingia. Vanishi ya kung'aa iache dukani, maana inakifanya kibuyu kifanane na plastiki uliyokuwa unaikimbia.

Kitako cha kibuyu ni mviringo, hivyo mezani kitayumba. Dawa yake ni ngata: sokota kipande cha kanga kuukuu kiwe duara la sentimita 10 hadi 12, ukifunge ncha kwa ndani. Ni ngata ileile ya kubebea ndoo kichwani, na inapendeza kuliko vile vikalio vya waya. Kama utatia masuke marefu, weka ndani mfuko wa mchanga mkavu wa kama nusu kilo ili kisilemewe upande mmoja. Usimimine maji ndani ya kibuyu. Ukitaka maua mabichi, ingiza chupa au glasi nyembamba yenye maji, mdomo wake ujifiche ndani ya shingo.

Chungu nacho kinafaa, ila kina kasoro yake. Udongo ambao haukupakwa kitu hupitisha maji polepole, na asubuhi utakuta duara jeupe kwenye mbao za meza. Weka sahani chini yake. Wakati wa kununua, kigonge kwa kiungo cha kidole: mlio mwangavu ni mzima, mlio wa debe bovu una ufa. Kisha lowesha kidole uguse ndani. Kidole kikitoka na tope, chungu hakikuiva motoni.

Nyungo ndizo watu hukosea zaidi, na kosa lenyewe ni la vipimo. Ungo wa kawaida wa kupepetea, wenye upana wa sentimita 45 hivi, ukiuweka katikati ya meza yenye upana wa 90, kila upande unabaki na sentimita 22 tu. Sahani ya chakula ina 25 au zaidi. Matokeo yake wageni wanasukuma pambo huku na huku tangu ugali unapofika. Nunua kiteo cha sentimita 30 hadi 35. Meza ikiwa nyembamba zaidi, tuseme 75, achana na ungo kabisa; panga vitu kwa mstari kufuata urefu wa meza, upana wa pambo usizidi sentimita 20. Urefu wake uwe kama theluthi ya meza: sentimita 60 kwa meza ya mita 1.8. Kwenda juu, usivuke sentimita 30, la sivyo wanaokaa mkabala wataongea na masuke.

Ungo uliotumika una rangi ya kahawia nzuri kuliko mpya, lakini kwenye misuko yake hukaa unga, na unga huita wadudu. Upige kwa nyuma, uusugue kwa brashi kavu, kisha uuanike jua kali siku nzima. Usiuoshe kwa maji mengi, utapinda.

Sasa nafaka. Mtama mwekundu ndio mfalme wa meza hii: suke moja nene lina rangi tatu au nne, kutoka kutu hadi damu ya mzee. Uliza sokoni masuke yenye bua la sentimita 40 au zaidi. Wauzaji wengi hukata mafupi kwa ajili ya kupura, kwa hiyo weka oda mapema kwa mkulima au kwa mama anayeleta mtama kutoka kijijini. Yachukue yakiwa yamekomaa lakini hayajakauka hadi kupukutika. Funga mafungu ya mabua 8 hadi 10, uyaning'inize kichwa chini kivulini kwa wiki 2 au 3. Jua kali hupausha wekundu. Kufungia, tumia mpira, kama ule unaokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Mabua yanaponywea, kamba ya katani inalegea na fungu linadondoka, wakati mpira unafuata. Katani utaifunga juu yake mwishoni, kwa urembo.

Ulezi unapendeza kwa masuke yake yaliyojikunja kama ngumi, na haupukutiki sana. Masuke ya mpunga kutoka Nzega au Igunga yanainama vizuri kwenye mdomo wa kibuyu, lakini punje zinadondoka kwenye vyakula. Ukiyapenda, changanya gundi nyeupe ya mbao kipimo 1 na maji vipimo 4, upulizie kwa chupa ya kunyunyizia na uache yakauke usiku kucha. Nafaka iliyopuliziwa hivyo isiliwe tena, wala kuku wasipewe.

Kwa mahindi lazima tukae kidogo, kwa sababu ya dumuzi. Mdudu huyu, ambaye wengine humwita Scania, asili yake ni Amerika ya Kati, na Tabora ni miongoni mwa sehemu za kwanza Afrika alikogunduliwa, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hushambulia mahindi yakiwa kwenye magunzi, hushambulia mihogo mikavu, na meno yake hayashindwi na mbao wala ganda la kibuyu. Maana yake gunzi moja bovu ulilolifunga kwa utepe mzuri linaweza kuharibu kibuyu, ungo na kabati pamoja. Kabla ya kulipa, fungua maganda, ligongeshe gunzi juu ya karatasi nyeupe na usubiri. Unga laini ukianguka, au ukiona vitundu vya mviringo vilivyonyooka kana kwamba vimetobolewa kwa sindano nene, acha.

Hata yanayoonekana safi yatibu kwanza. Yafunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uyaweke kwenye friza siku 7. Ukitoa, acha mfuko umefungwa hadi yarudi kwenye joto la kawaida, ama sivyo unyevu wa hewa utayalowesha. Mwenye oveni ayape nyuzi joto 60 kwa saa moja au zaidi. Ukavu wa punje unapimwa kwa chumvi: tia kiganja cha punje na kijiko cha chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa kwa dakika kadhaa, uache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, punje bado zina maji mengi, rudisha juani.

Mambo mawili kuhusu mahindi hayana mjadala. Usinyunyize dawa ya unga ya kuhifadhia ghalani kwenye pambo litakalokaa karibu na sahani. Na usinunue mbegu za dukani kwa sababu ya rangi yake ya waridi au nyekundu. Rangi hiyo ni alama kwamba zimepakwa sumu, na mtoto akiziona mezani atatia mdomoni.

Michembe na matobolwa, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, vya kwanza vikiwa vibichi na vya pili vikiwa vimechemshwa, vinaleta Unyamwezi mezani kuliko kitu kingine chochote, na tunapendekeza vikae kwenye kibakuli cha udongo wageni wavitafune. Vitoe siku hiyohiyo ya chakula. Vikikaa nje wiki nzima, dumuzi anavipenda kama anavyopenda muhogo.

Boga zima ni bidhaa nzuri kwa bei yake. Chagua lenye kikonyo cha angalau sentimita 5 na ngozi ambayo ukucha hauichani; la namna hiyo hukaa wiki nyingi. Kuoza huanzia pale kikonyo kilipong'oka, kwa hiyo usilibebe kwa kikonyo. Lifute kwa maji yenye jiki, kipimo 1 kwa maji 10, ulikaushe. Boga lililochongwa kuwa chombo cha maua lina siku 2 au 3 tu.

Pambo bora kuliko yote haliuzwi popote. Ni tunda kavu la mninga, linalookotwa porini wakati huu wa kiangazi: duara jepesi la rangi ya majani makavu, ukingo wake mwembamba kama karatasi yenye mishipa, na katikati kichwa cha miiba myembamba iliyosimama pande zote. Liinue mbele ya dirisha uone mwanga unavyopita ukingoni na kugoma katikati. Matano au sita yakiegemezwa chini ya kibuyu yanatosha. Yashike kwa ukingo, maana miiba ile hukatikia kwenye ngozi. Majani mapya mekundu ya miombo, yanayochipua kabla ya mvua, ni mazuri pia mtini, lakini yakikatwa husinyaa kabla ya chakula kwisha.

Kwa mwanga, nta ya nyuki ya mkoa huu haina mpinzani. Ipime kwa ukucha: chembe za nta halisi hushikamana ukizibinya, harufu ni ya asali, na kipande cha baridi kikivunjwa huonyesha chembechembe. Ikiteleza kama iliyopakwa mafuta, imechanganywa na mshumaa wa kawaida. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64; iyeyushe kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya moto moja kwa moja, kwani inaweza kuwaka. Kopo lenye kutu huifanya nyeusi. Mimina kwenye kioo cha jamu kilichopashwa joto, ukifunike kwa taulo kipoe polepole. Kikipoa haraka, nta hupasuka na kuachana na kioo. Utambi suka kwa nyuzi za pamba, kwa mfano zilizochambuliwa kutoka utambi wa jiko la mafuta ya taa, na uuloweshe nta kwanza. Washa mshumaa mmoja wa majaribio. Mwali ukichimba shimo katikati na kuacha ukuta mgumu pembeni, utambi ni mwembamba. Ukitoa moshi mweusi, ni mnene, au haukupunguzwa hadi nusu sentimita.

Chemli ya zamani inafaa kwa sura yake tu. Mafuta ya taa mezani yanaharibu harufu ya wali na nyama, kwa hiyo ndani weka taa ndogo ya kuchaji. Na popote penye mwali, masuke makavu yawe mbali angalau sentimita 15, mwali wenyewe ukiwa umezama ndani ya kioo. Jioni za Julai Tabora zina upepo, na mtama mkavu unashika moto haraka sana.

Ukimaliza, kibuyu na ungo vitundike mahali pakavu penye hewa, mbali na ukuta unaovuja, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Boga lipikwe likingali gumu.