Simu ilikuwa sikioni, shingo yangu mikononi

Nimengoja hasira ishuke kabla ya kuandika. Haishuki.

Mimi ni fundi wa kushona, niko Kadutu, hapa Bukavu. Kipindi kile cha ndoa nyingi nilikuwa nainamia mashine mpaka usiku, vikwembe vya familia nzima, kila mtu na mtindo wake. Shingo ikakaza. Kisha maumivu yakashuka begani mpaka vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kuume, vikafa ganzi, nikawa nadondosha sindano bila kujua. Hiyo ganzi ishikeni, kesi yangu yote iko hapo.

Yaya yangu, mkubwa wangu wa kuzaliwa, akanielekeza kwa bwana mmoja upande wa Ibanda, eti ananyoosha mifupa. Chumba safi, bluzi nyeupe, na ukutani tangazo: masaji, kine, kiropraktika, osteopati. Yote manne, mtu mmoja. Nilidhani ni majina manne ya kazi ileile. Dola kumi kwanza, halafu lala. Yeye yuko kwenye simu, anabishana na mtu juu ya simenti ya nyumba yake. Nikaanza, "Docta, mkono huu una ganzi..." Akaninyoshea kidole ninyamaze. Simu akaibana kwa bega, akashika kidevu changu kwa mkono mmoja, kisogo kwa mwingine, akapinda. Ta! Kama kijiti kikavu. Nikaona dari inazunguka.

"Umesikia? Imeingia." Akarudi kwenye simenti.

Usiku ule sikulala. Ganzi ilipanda mpaka kiwiko.

Wiki mbili hivi baadaye nikafika kwa mama mmoja, kine wa hospitali, yaani mtaalamu wa kutibu viungo kwa mazoezi. Aliniuliza maswali karibu nusu saa kabla ya kunigusa. Imeanza lini? Unalala upande gani? Nifinye vidole vyangu, papa fundi, kwa nguvu. Akanigonga kiwiko kwa kinyundo kidogo. Akasema ganzi na mkono kuishiwa nguvu ni dalili ya mshipa wa fahamu uliobanwa, na shingo ya namna hiyo haipindwi kwa ghafula. Tena kuna mishipa ya damu inayopita ndani ya mifupa ya shingo kwenda kwenye ubongo. Ukichanika mmoja, unaweza kupata kiharusi. Hutokea mara chache, akasema, lakini ndiyo sababu tunauliza kwanza.

Nikaenda kujisomea. Osteopati, tiba ya mifupa na misuli kwa mikono, ilianzishwa na Andrew Taylor Still huko Marekani mwaka 1874, na leo kulekule wanaoisomea ni madaktari kamili, wanaandika dawa na kupasua. Kiropraktika ni ya D. D. Palmer, 1895, kazi yake kubwa ni uti wa mgongo. Kine anakufundisha misuli ifanye kazi yenyewe. Mtu anayeyaandika yote ukutani pamoja, muulize amesomea lipi. Mimi sikuuliza.

Nilitaka kuandika msiende kwa wapinda mifupa kamwe. Nafuta hilo. Fundi mwenzangu alikwenda kwa bwana yuleyule kwa mgongo uliokaza tu, bila ganzi, akatoka amenyooka na mpaka leo anamsifu. Na huyo kine wangu amenichosha: foleni tangu asubuhi, halafu mazoezi ya kurudisha kidevu nyuma, mara kumi, kutwa mara kadhaa, mpaka wateja wananishangaa. Kuna siku nilitamani tu mtu anikande kwa mafuta nipate usingizi, na jirani mmoja hunikanda, nalala vizuri sana.

Lakini simu! Mikono ile inajua kazi, siwezi kukataa. Ingemgharimu nini kuiweka chini dakika mbili anisikilize mtu niliyemlipa?

Mashine nimeiinulia matofali mawili nisiiname. Uzi naweza kuutunga tena. Kidole cha mwisho bado kizito, na Jumatatu narudi kwa mama kine.