Unanunua Game Boy ya kuchezea Tetris? Anza na msalaba

Mwezi uliopita nilitoa laki moja na ishirini kwa Game Boy Color, mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo, ya zambarau, kava ya kuonesha ndani, kioo hakina hata mkwaruzo. Muuzaji aliniapia kwamba imefanyiwa matengenezo yote. Nyumbani nikachomeka kaseti ya Tetris, ile gemu ya kupanga vipande vinavyoshuka, mambo yakaenda vizuri mpaka level ya saba. Hapo kikaja kile kipande kirefu nilichokuwa nakisubiri. Nikakipeleka kulia kabisa, juu ya shimo lake, nikabonyeza chini. Kikahama safu moja kushoto, kikatua juu ya ukuta. Mara ya kwanza nilijilaumu mwenyewe. Mara ya tano nikaenda kutafuta bisibisi ya ncha tatu.

Chini ya msalaba, yaani kile kitufe cha pande nne, kuna mpira wenye vidoa vyeusi vya kaboni. Ukibonyeza, kidoa kinagusa bodi na mashine inajua unataka upande gani. Mpira wa kiwandani una ugumu wake. Hawa waliobadilisha kava walitia mpira mwingine, laini kama ufizi, kiasi kwamba ukibonyeza chini, kushoto nako kunagusa.

Kwa hiyo leo sizungumzii rangi wala kioo. Kwenye gemu za mbio utavumilia kasoro hii, lakini kwenye mafumbo safu moja ndiyo gemu yenyewe. Tetris ya Game Boy ya 1989 inakuonesha kipande kimoja tu kinachofuata, haina pa kuweka kipande akiba kama zile za kwenye simu, na kaseti haitunzi alama; ukizima, rekodi yako imekwenda. Utamu wake uko hapo hapo: hakuna cha kukuokoa zaidi ya jicho na kidole gumba. Mario's Picross ya 1995, fumbo la kuchonga visanduku mpaka picha itokee, ni kali zaidi. Unapewa dakika 30, kosa la kwanza linakula 2, la pili 4, la tatu 8. Umeshikilia kitufe ukichonga mstari kwenda kulia, msalaba mbovu unakuteremsha mstari wa chini na kuchonga kisanduku ambacho hukukitaka. Nimepoteza dakika 14 namna hiyo, na jibu nilikuwa nalo kichwani.

Anayeona nakuza mambo amtazame Willis Gibson wa Oklahoma, Marekani. Desemba 2023, akiwa na miaka 13, aliicheza Tetris ya NES, mashine ya Nintendo ya kuchomeka kwenye TV, mpaka ikaganda, level ya 157. Kidole gumba chake kinatulia juu ya msalaba, vidole vya mkono wa pili vinapiga mgongo wa pedi kama ngoma. Mbinu yote imeegemea kwenye kile kimpira.

Sasa za kununua. Sifichi, mimi ni mtu wa Nintendo. Msalaba ni kazi ya Gunpei Yokoi, mbunifu wa Nintendo, aliyeuweka kwenye Game & Watch, kigemu cha mkononi, ya Donkey Kong mwaka 1982, na sijashika wa kampuni nyingine unaoufikia.

Ya kwanza kwangu ni Game Boy Color ya 1998, yenye mpira wake wa asili. Betri mbili za AA, inakaa vizuri mkononi. Haina taa, kwa hiyo utakaa karibu na dirisha. Itafutie Tetris DX, kaseti nyeusi ya mwaka huo huo, ambayo inatunza alama kwa betri ndogo iliyomo ndani. Muulize muuzaji kama hiyo betri bado ni nzima.

Ya pili ni Game Boy Advance SP ya 2003. Ina taa, inachajiwa, na kaseti za zamani zote inazisoma. Ila haina tundu la kawaida la earphone, na kwa mwenye vidole vinene msalaba wake ni mdogo.

Game Boy ya kwanza kabisa, ile ya 1989, naiweka ya tatu kwa mapenzi tu. Inakula betri nne na vipande vikikimbia vinaacha kivuli kwenye kioo. Lakini msalaba ni mpana na mgumu, unajua ulichobonyeza.

Game Gear, mashine ya mkononi ya Sega, yenye fumbo la Columns, iacheni. Betri sita, na capacitor zake za ndani zinaharibika kwa umri. Vile vimashine vya bei rahisi vyenye gemu maelfu, msalaba wake umelegea tangu kwenye boksi. Brick Game ina vitufe vinne vilivyoachana, angalau haichanganyi pande.

Kabla ya kulipa, weka Tetris, anza level 0, usiguse kulia wala kushoto. Bonyeza chini tu, kwa nguvu, ukikandamiza kidole huku na huku. Kila kipande lazima kitue katikati. Kikihama hata kimoja, mrudishie mwenyewe.

Na hapa wauzaji ndipo wanaponiudhi. Mashine yenye kava mpya na mpira wa ovyo inauzwa karibu mara mbili ya iliyochubuka yenye vitu vyake vya asili. Ukiomba kujaribu unaambiwa betri hakuna. Nilipoirudisha ya zambarau niliulizwa, "Si inawaka dada? Unataka nini tena?" Hela sijarudishiwa mpaka leo.

Wiki hii nimepata nyingine kwa mzee mmoja anayetengeneza redio, ya njano, imefutika maandishi, elfu sitini na tano. Nilikwenda na betri zangu na kaseti yangu. Nikasimama pale kwenye meza yake nikibonyeza chini tu, vipande vikapandana katikati mpaka juu, gemu ikaisha. Hakuna kilichohama.